Kabla ya kununua prosesa mpya, tazama foleni iko wapi

Jumamosi moja asubuhi, baridi ya Eldoret ikiwa bado haijaachilia Mtaa wa Oloo, kijana mmoja mwanafunzi wa chuo kikuu aliingia katika kibanda cha fundi wa kompyuta akiwa amekumbatia mashine kifuani kama mtu aliyebeba jogoo wa kupeleka ukweni. Ilikuwa Dell OptiPlex 7010, kompyuta ya ofisi ya mwaka 2012, iliyomaliza utumishi wake ng'ambo ikaja kwetu kama mtumba, zile ambazo wauzaji huziita "ex-UK". Ndani yake mlikuwa na prosesa ya Intel Core i5-3470, RAM ya gigabaiti nane, diski ngumu ya kizamani, na kadi ya grafiki ya GTX 1650 ambayo mwenyewe alikuwa ameinunua kwa kujinyima.

"Fundi, nitolee hii i5 unitilie i7," alisema kabla hata ya kuitua. "Gemu inakwamakwama."

Fundi hakushika bisibisi. Alichomeka nyaya, akamwambia afungue gemu yenyewe, nayo ilikuwa Grand Theft Auto V. Kijana akaendesha gari kwa kasi katika mitaa ya Los Santos. Kila alipokata kona kuingia mtaa mpya, picha iliganda kidogo, kisha ikaruka mbele. Fundi akapunguza ukubwa wa picha kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720. Hesabu ya fremu kwenye pembe ya kioo haikupanda, na kule kuganda kukabaki palepale. Maana yake kadi ya grafiki haikuwa na hatia.

"Si nilikwambia ni prosesa?" kijana akadakia.

Fundi akafungua dirisha la Windows linaloonyesha kila kifaa kinafanya kazi kiasi gani, akasubiri gari likate kona nyingine, kisha akaweka kidole kwenye mstari wa diski. Asilimia 100. Wa prosesa ulikuwa umeshuka.

"Prosesa yako haijachoka hapa, kijana. Inangoja kuletewa mzigo."

Mimi nilikuwa nimeketi pembeni nikisubiri chaja yangu ishikwe waya, na neno hilo moja, "inangoja", limenikaa kichwani tangu siku hiyo. Kila mwaka Intel na AMD hutangaza prosesa mpya, na kila mwaka vijana wetu huulizana kama prosesa mpya kweli huinua gemu au ni biashara tu. Jibu limo katika kujua nani anamngoja nani.

Kombaini na mashine ya kukausha

Msomaji wa Uasin Gishu hahitaji lugha ya wahandisi ili aelewe jambo hili. Msimu wa mavuno, kombaini huko Moiben au Ziwa huweza kumaliza shamba kubwa kwa siku moja. Lakini mahindi yakitoka shambani na maji mengi, ghala la Bodi ya Nafaka haliyapokei mpaka unyevu ushuke hadi asilimia 13.5. Ndipo unapoona foleni ya trekta na malori yakisubiri mashine ya kukausha. Mkulima anayekodi kombaini ya pili wakati huo hajaharakisha chochote. Ameirefusha foleni tu.

Ndani ya kompyuta mambo ni hayo hayo. Ili fremu moja ya gemu itokee kwenye kioo, prosesa huanza kwa kuamua: mpira uko wapi, beki anakimbilia upande gani, gari limegonga ukuta au limekwepa. Kisha huiandikia kadi ya grafiki maagizo, nayo kadi huchora. Ukitaka fremu 60 kwa sekunde, kazi hiyo yote ina milisekunde 16.7 tu. Ukitaka 144, zinabaki kama saba. Anayechelewa kati ya hao wawili ndiye anayepanga kasi ya wote.

Mzigo wao haufanani. Picha ya 1920 kwa 1080 ina pikseli milioni mbili hivi, na ile ya 4K ina mara nne ya hizo. Ukipanda kutoka ya kwanza hadi ya pili, kadi ndiyo inayotoka jasho. Prosesa inabaki na kazi ile ile, kwa kuwa wachezaji uwanjani ni 22 uwe unawatazama kwa picha ndogo au kubwa. Ndiyo sababu wanaopima prosesa huchukua kadi ya bei kali kabisa, kama RTX 4090, wakaiunganisha na picha ya 1080. Wanaifungua njia upande wa kadi ili tofauti za prosesa zionekane. Ni kipimo cha haki, ila hakikufanyiwa chumba cha mwanafunzi wa Kesses. Mtu mwenye GTX 1650 akinunua prosesa iliyong'ara kwenye majedwali hayo, sehemu kubwa ya mng'aro humezwa na kadi ambayo tayari imefika mwisho wa pumzi.

Miaka ya ukame, kisha mvua

Kuna sababu ya kihistoria inayowafanya wengi waamini kwamba prosesa mpya haina maana. Mwaka 2004 Intel ilifuta mpango wake wa kuuza Pentium 4 ya gigahazi 4. Kuongeza kasi ya mapigo kulikuwa kumeanza kuleta joto lisilovumilika, ikabidi kampuni zigeukie kuongeza viini, yaani vitengo vya kufanyia kazi ndani ya prosesa moja. Mwaka 2007 Intel iliuza Core 2 Quad Q6600 yenye viini vinne. Miaka kumi baadaye, Januari 2017, ikaleta Core i7-7700K kwa ajili ya kompyuta za kawaida za mezani. Nayo ilikuwa na viini vinne. Aliyenunua i7-2600K mwaka 2011 alilala usingizi wake bila kujuta.

Upande wa gemu nako kulikuwa na utulivu. Watengenezaji huandika gemu wakiwa na mashine za PlayStation na Xbox akilini, na PlayStation 4 iliyotoka Novemba 2013 ilikuwa na prosesa dhaifu yenye mapigo ya gigahazi 1.6. Gemu iliyoweza kukimbia humo haikuwa na shida na kompyuta ya ofisi ya mwaka 2012.

Mvua ilinyesha mwaka 2017. Machi mwaka huo AMD ilileta Ryzen 7 yenye viini vinane, na kabla mwaka kwisha Intel ikajibu kwa i7-8700K ya viini sita. Novemba 2020 ikaja PlayStation 5, yenye viini vinane vinavyofika gigahazi 3.5. Waandishi wa gemu wakapata nafasi, wakaitumia.

Soma orodha za mahitaji utaona. Grand Theft Auto V ilipotoka kwa kompyuta mwaka 2015, prosesa iliyopendekezwa na watengenezaji wake upande wa Intel ilikuwa i5-3470, yaani ile ile iliyokuwa ndani ya mashine ya kijana wetu. EA Sports FC 24 ya mwaka 2023 ikataka angalau i5-6600K. Mwaka huo huo Cyberpunk 2077 ilifanyiwa mabadiliko, nayo ikapandisha kiwango cha chini hadi i7-6700 na kupendekeza i7-12700. Kilichokuwa cha kujivunia mwaka 2015 sasa hakifiki hata mlangoni.

Kwa hiyo kuruka vizazi vitano au sita kunaonekana kwa macho, bila kuhitaji jedwali. Kuruka kizazi kimoja ni jambo lingine. Ryzen 7 9700X ilipotoka Agosti 2024, wapimaji waliikuta imeipita 7700X ya mwaka 2022 kwa asilimia chache tu katika gemu. Oktoba mwaka huo Intel ilileta Core Ultra 9 285K, nayo katika gemu nyingi ikashindwa na i9-14900K iliyoitangulia. Mwaka 2021 pia i9-11900K ilikuja na viini vinane ilhali mtangulizi wake, 10900K, alikuwa na kumi. Neno "mpya" linakueleza tarehe ya kuuzwa tu.

Ghala la karibu

Hatua iliyowashangaza wengi haikutokana na mapigo wala viini. Aprili 2022 AMD iliuza Ryzen 7 5800X3D. Mapigo yake yalikuwa ya chini kuliko ya 5800X ya kawaida: kiwango cha juu gigahazi 4.5 dhidi ya 4.7. Lakini katika gemu nyingi iliiacha mbali. Siri ilikuwa kache, ile kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya prosesa yenyewe. 5800X ilikuwa na megabaiti 32, na ndugu yake mpya 96, zilizopandishwa ghorofa juu ya kipande cha silikoni.

Faida yake ni ipi? Prosesa ya gigahazi 4.5 ikihitaji kitu kilicho kwenye RAM, husubiri makumi ya nanosekunde. Katika nanosekunde 80 mapigo 360 hupita bure. Mpishi wa kibanda cha chai akiwa na sukari mezani anamimina vikombe mfululizo. Akilazimika kumtuma mtoto dukani kwa kila kikombe, wepesi wa mikono yake haumsaidii. Gemu huulizauliza vitu vidogo vidogo visivyo na mpangilio, hivyo hunufaika sana na ghala la karibu.

Warithi wake ni 7800X3D ya mwaka 2023 na 9800X3D ya Novemba 2024. Hiyo ya mwisho ilianza kuuzwa kwa dola 479. Kwa dola moja kuwa shilingi 129 hivi, hizo ni takriban shilingi 62,000, kabla ya usafiri, VAT ya asilimia 16 na faida ya muuzaji. Kwa anayecheza kwenye kadi kubwa na kioo cha kasi, ni pesa iliyotumika vizuri. Kwa mwenye GTX 1650, ni kombaini ya pili.

Wastani na mizunguko

Katika jiji hili hakuna haja ya kumfundisha mtu kwamba wastani unaweza kudanganya. Eliud Kipchoge, anayefanyia mazoezi yake Kaptagat, alipomaliza kilomita 42 mjini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 kwa saa 1:59:40, kocha yeyote wa hapa alitazama kilomita moja moja. Karibu kila moja ilikuwa dakika 2 na sekunde 50 hivi. Mwingine angeweza kukimbia kwa fujo, akapaa hapa na kuchechemea pale, na wastani wake usiseme kitu.

Fremu ni hivyo hivyo. Gemu inaweza kuandika "60" pembeni mwa kioo huku fremu moja ikichukua milisekunde 15 na nyingine 100. Ile ya 100 ndiyo anayoihisi mchezaji. Kwa hiyo wapimaji makini hutangaza pia asilimia moja ya fremu mbaya kuliko zote, na hapo ndipo prosesa ya kisasa hulipa fadhila. Mashine ya viini vinne inaweza kuwa na wastani unaoridhisha, lakini Windows ikianza kupakua masasisho, kivinjari kikiwa wazi na marafiki wakizungumza kwenye Discord, viini hivyo hugombaniwa na fremu zikaanza kuchechemea.

Kuna dari pia. Vioo vya ofisi vinavyokuja na mitumba vingi ni vya hazi 60, maana yake vinaonyesha picha 60 kwa sekunde na si zaidi. Prosesa ikitoa 140, nyingi huishia hewani. Gemu nyingine zenyewe zimefungwa. Tekken, mchezo uliomtangaza Mkenya Sylvia Gathoni, anayejulikana kama QueenArrow, hukimbia kwa fremu 60 kwa makusudi, ili pigo moja lichukue muda ule ule kwa kila mtu. Ukishazifikia hizo 60 bila kuyumba, prosesa ghali zaidi haikuongezei ngumi.

Na usiilaumu prosesa kwa makosa ya mtandao. Anayecheza Counter-Strike 2 kwenye seva za Johannesburg yuko umbali wa kilomita kama 3,000 kwa mstari ulionyooka. Mwanga ndani ya nyuzi za fiber hukimbia kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi ni milisekunde 30 hata kabla ya kuhesabu mzunguko wa kushuka Mombasa na kupita baharini. Hakuna prosesa itakayoisogeza Johannesburg.

"i7" si cheo

Kosa linalowagharimu vijana wengi madukani ni kuamini kibandiko. Core i7-7500U ya laptopu za mwaka 2016 ina viini viwili tu. Core i3-8100 ya mezani, iliyotoka mwaka uliofuata, ina vinne. Na Core i3-12100 ya mwaka 2022 huishinda i7-4790 ya mwaka 2014 katika gemu, ingawa kwa jina inaonekana mdogo wake. Tarakimu ya kwanza au mbili baada ya kistari ndizo zinazotaja kizazi, na herufi ya mwisho hueleza aina: U ni ya laptopu za kubana umeme. Muulize muuzaji namba yote, usikubali "ni i7" peke yake.

Umri wa prosesa una jambo lingine lisilohusu kasi. Windows 10 ilimaliza kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, kwa upande wa Intel, hukubali rasmi kuanzia kizazi cha nane. Valorant ikiwa ndani ya Windows 11 hudai kinga za TPM 2.0 na Secure Boot, la sivyo haifunguki. Prosesa yako inaweza kuwa na nguvu za kutosha, ikazuiwa mlangoni kwa kukosa kitambulisho.

Upya nao una bei ambayo haiandikwi kwenye boksi. i5-3470 imepimwa kwa wati 77, ilhali i9-14900K huruhusiwa kufika 253, na tokeni za stima ni zako. Anayewinda mitumba ya vizazi vya 13 na 14 vya Intel akumbuke kwamba mwaka 2024 baadhi ya prosesa hizo za mezani zilipatikana na tatizo la volteji lililozifanya zianguke zikiwa kazini. Kampuni ilitoa sasisho Agosti mwaka huo na kuongeza dhamana kwa miaka miwili.

Dawa ya bure

Kabla ya pesa kutoka mfukoni, kuna jambo la hapa kwetu. Eldoret iko kama mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya tano kuliko ya Mombasa. Wanariadha huifuata hewa hiyo, lakini feni ya kompyuta haiipendi, kwani kila mzunguko wake hubeba hewa kidogo na joto kidogo. Baridi ya usiku hufidia. Kisichofidiwa ni vumbi la Januari na ule mlenda wa kupitisha joto, uliokauka juu ya prosesa baada ya miaka kumi ofisini. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hupunguza kasi yenyewe ili isiungue. Kuipuliza vumbi na kuipaka mlenda mpya hurudisha kasi ambayo mwenyewe alidhani imekufa na uzee.

Ndivyo fundi alivyofanya siku ile. Alisafisha, akapaka, akatoa diski ngumu na kuweka SSD, kisha akaongeza kipande cha pili cha RAM ili prosesa ipokee mzigo kwa njia mbili badala ya moja. Gari likakata kona za Los Santos bila kuganda. Kijana alicheka mpaka akasahau i7.

Lakini fundi hakumficha ukweli. Alimwonyesha gari likipita katikati ya mji wenye watu wengi, viini vyote vinne vikigonga asilimia 100. Hapo sasa prosesa ndiyo iliyokuwa inangojwa. "i7 unayoitaka ni i7-3770," alimwambia. "Ndiyo mwisho wa bodi hii. Itasaidia kidogo, halafu utarudi hapa. Hizo pesa weka, siku moja ununue bodi, prosesa na RAM za kisasa kwa pamoja."

Basi kwa wewe unayehesabu akiba yako, hukumu yangu ni hii. Prosesa mpya huinua gemu pale gemu inapoingoja, na hushinda kwa mbali ukiruka vizazi vingi kwa mkupuo. Ukiruka kimoja, umenunua tarehe. Anza na vumbi, SSD na RAM ya njia mbili, kisha kadi, kisha prosesa. Na kabla ya yote, fanya kipimo cha fundi, kisichogharimu hata shilingi: punguza ukubwa wa picha, utazame hesabu ya fremu. Ikipanda, kadi ndiyo iliyochoka. Isipopanda, angalia diski na RAM. Hizo zikiwa na nafasi, sasa nenda kaulizie bei ya prosesa.